Swichi ya Pili

Ghuba ya Berkeley, pale Uganda na Kenya zinapogawana maji ya Ziwa Victoria, haina kina kirefu. Upande mmoja iko Majanji, katika wilaya ya Busia ya Uganda. Upande wa pili ziko Sio Port na Port Victoria, katika kaunti ya Busia ya Kenya, na Mto Sio unamwaga tope lake humo humo. Boti inayorudi kutoka visiwani, Sigulu au Lolwe, hufika imejaa watu na magunia ya mukene (dagaa) mkavu, na sehemu ndogo ya mwisho ya safari ndiyo inayodai akili kuliko yote iliyotangulia. Chini kuna mchanga. Kuna pia visiki, kwa sababu ziwa lilipopanda Mei 2020 hadi mita 13.42 kwa kipimo cha Jinja na kupita rekodi ya mwaka 1964, kingo nyingi zilizama pamoja na miti yake. Juu ya maji, upepo ukivuma vibaya, kuna magugu maji, mmea uliolivamia ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambao wadudu walioachiwa kuanzia 1995 waliupunguza bila kuumaliza.

Katika maji ya namna hiyo propela ni kitu cha kulindwa. Ikizama mno itakwaruza mchanga au kugonga kisiki. Ikinyanyuliwa mno itameza hewa, injini itavuma bure na boti itabaki ikisukumwa na mawimbi ubavuni. Ipo nafasi nyembamba katikati ya hayo mawili, na kuitafuta nafasi hiyo ndiyo kazi ya trimu, yaani kuinyanyua na kuishusha injini.

Boti nyingi za hapa hazina habari ya swichi ya trimu. Zina injini za farasi 15, 25 au 40, na anayeshika mkono wa injini ndiye anayeinyanyua kwa nguvu zake mwenyewe. Ole Evinrude, Mnorwe aliyehamia Marekani, alipoanza kuuza injini za kuning'iniza tezini mwaka 1909, zilikuwa na nguvu ya farasi moja unusu na uzito wa kilo 28 hivi. Mtu mmoja aliweza kuibeba begani. Injini ya farasi 90 inazidi kilo 100, na hakuna anayeithubutu kwa mikono huku boti ikipigwa na mawimbi. Kwa hiyo imetengenezewa pampu ya haidroliki inayoendeshwa na mota ya umeme, yenye kuisukuma injini juu na kuirudisha chini. Swichi yake iko kwenye mkono wa gia, chini ya kidole gumba cha nahodha.

Boti ninayoisimulia ina injini ya aina hiyo, na usukani wake uko katikati. Shida ilikuwa kwamba nahodha, akisimama pale katikati, anaona mbele tu. Anayeyaona magugu yakijisokota kwenye propela ni kijana wa tezini, ambaye kazi yake ni mafuta, nanga na kusafisha propela. Injini nyingine huwa na swichi ndogo ubavuni kwa ajili ya mtu kama yeye. Hii haina. Kijana alilazimika kupiga kelele, sauti yake ipite juu ya mngurumo wa injini na mazungumzo ya abiria, ndipo nahodha anyanyue. Mwenye boti, mama anayefanya biashara ya mukene, alitaka swichi ya pili, na akamwita fundi kutoka Petta.

Petta ni gombolola ya wilaya ya Tororo, nchi ya mihogo, wimbi na mtama. Hakuna ziwa huko. Fundi huyu anafanya kazi barazani, na mezani kwake siku za kawaida utakuta nyaya za bodaboda, redio, na vidhibiti vya umeme wa jua vilivyopigwa na radi. Lakini boti inapokuwa na kasoro ya umeme ambayo wengine wameifunika kwa tepu nyeusi, watu wa ufukweni humkumbuka yeye. Ni Mjapadhola, na Kidhopadhola ni ndugu wa Kijaluo, kwa hiyo wavuvi wanaovuka kutoka upande wa Kenya anaelewana nao vizuri kiasi. Na Wasamia wa Majanji anazungumza nao Kiswahili. Nilifuatana naye, nikakaa juu ya debe tupu, nikatazama.

Kazi ilianza bila kufungua sanduku la vyombo. Mama alikuwa ameshachagua mahali: swichi iwe omo, mbele kabisa, karibu na mtu wa upondo, kwa kuwa yeye ndiye anayeukaribia mchanga wa kwanza. Fundi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba jambo moja.

"Mama, naomba nitolewe kidogo majini, halafu turudi hapa hapa kama mnavyorudi siku zote."

Wakamtoa. Katika kurudi hakutazama injini hata kidogo. Alitazama watu. Mtu wa upondo alikuwa na mikono miwili kwenye mti wake, mgongo ameupa injini, macho yako chini. Kijana wa tezini alikuwa ameshika ukingo kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ulikuwa huru, tena anaiona propela. Tuliposhuka fundi alimweleza mama kwamba anayebonyeza swichi hiyo lazima aione injini wakati anabonyeza, kwa sababu siku moja mkono wa mtu utakuwa ndani ya magugu, na aliye omo hatajua. Mama alinyamaza kidogo, akamtazama kijana wake, akakubali. Kwa maoni yangu hapo ndipo nusu ya kazi ilipokamilika, na hakuna hata waya mmoja uliokuwa umeguswa.

Halafu akafungua kifuniko cha injini na kukilaza juu ya gunia ili kisichubuke. Alichukua kitambaa kikavu akafuta mafuta na vumbi taratibu, sehemu kwa sehemu, kwa sababu rangi za nyaya hufichwa na uchafu na yeye alikuwa anatafuta rangi. Chini ya kifuniko kuna msitu wa nyaya, nyingi zikiwa zimefungwa pamoja ndani ya ala nyeusi. Alikuwa anatafuta tatu tu. Mwekundu, unaoleta umeme kwenye swichi. Wa samawati, unaopeleka amri ya kupanda. Wa kijani hafifu, unaopeleka amri ya kushuka. Aliifuata kwa kidole, kutoka pale inapoingia ala hadi kwenye vichwa vyake vidogo vya mviringo, dume ndani ya jike, vikiwa vimevikwa mpira.

Rangi haikumtosha. "Injini hii imeshapita mikononi mwa watu," alisema, "na mtu akikosa kijani huweka chochote." Akatoa mita. Ncha moja akaigusisha kwenye kichwa hasi cha betri, nyingine akaipenyeza nyuma ya kichwa cha waya wa samawati, akamwomba nahodha abonyeze juu. Namba zikaruka hadi volti kumi na mbili na ushei, rilei ikagonga, pampu ikalia, injini ikaanza kupanda. Achia. Bonyeza chini. Safari hii waya wa kijani ndio uliopata uhai. Mwekundu aliupima ufunguo ukiwa umefungwa na ukiwa umefunguliwa, akauona una umeme nyakati zote mbili. Kila jibu alilipa kipande cha tepu ya karatasi chenye herufi moja ya kalamu, akakizungusha kwenye waya wake.

Inafaa kueleza hapa kinachotokea ndani, maana uzuri wa kazi hii umejificha humo. Mota ya pampu inakula umeme mwingi, makumi ya ampia, na umeme huo ukipitishwa kwenye swichi ndogo ya kidole utaiyeyusha. Kwa hiyo swichi haiendeshi mota. Inaamrisha rilei mbili, moja ya kupanda na moja ya kushuka, nazo ndizo zenye vyuma vinene vya kubeba mzigo. Waya wa swichi ni kama mtoto anayetangulia mbele ya maksai wa plau: yeye anaonyesha njia, wao wanavuta. Rilei ya kupanda ikiamrishwa, umeme unaingia kwenye mota kwa waya mnene wa buluu na kutokea kwa wa kijani. Ya kushuka ikiamrishwa, unapita kinyume, na mota inazunguka kinyume. Ndiyo sababu swichi ya pili haihitaji pampu nyingine, wala rilei nyingine, wala waya mnene kutoka betrini. Inahitaji tu kuunganishwa sambamba na ya kwanza, waya kwa waya, ili rilei isijue wala isijali amri imetoka kwa nani.

Kuna njia ya haraka ya kufanya hivyo. Unakata waya wa asili, unachuna, unasokota na wa kwako, unazungusha tepu. Au unatumia vile vibanio vya plastiki vyenye ulimi wa chuma unaong'ata waya bila kuukata. Boti nyingi zimefanyiwa hivyo. Lakini tepu hulegea kwa joto la injini, ulimi wa chuma hujeruhi nyuzi za shaba, na unyevu huingia kwenye kidonda hicho na kutembea ndani ya ala mpaka mbali. Baada ya misimu michache waya unakuwa mweusi kwa ndani huku nje unang'aa. Fundi wa Petta hakukata kitu. Alisema hivyo kabla ya kuanza, kwa sauti ya mtu anayetoa ahadi: waya wa kiwanda utabaki wa kiwanda.

Alichokusudia ni kutengeneza matawi matatu. Kila tawi lina kichwa dume upande mmoja, kichwa jike upande wa pili, na mguu wa tatu unaokwenda kwenye swichi mpya. Vile vichwa vya asili vinachomolewa kimoja kutoka kwa kingine, tawi linaingizwa katikati yao, na mguu wa tatu unachukua sehemu yake. Siku swichi mpya ikiharibika, matawi yanatolewa, vichwa vya asili vinakutana tena, na boti inaondoka.

Kwanza akatenganisha betri, kichwa hasi kabla ya chanya, akafunika kila kimoja kwa kitambaa. Akashusha pia kile chuma cha kuikingia injini iliyo juu, ili isimwangukie hata pampu ikilegea. Ndipo akaingiza mikono.

Hakupima kwa futi, alitumia kamba ya katani. Alifunga ncha pale matawi yatakapokaa, akaipitisha kwenye tundu la mpira lililoko mbele ya injini, akaishusha kwenye ubao wa tezi, akaipandisha chini ya mdomo wa ukingo hadi pale alipoweka alama ya penseli. Halafu akamwomba kijana ageuze injini yote kushoto. Kamba ikakaza. Akaiongeza. Yote kulia. Ikalegea na kukaribia kebo ya usukani. Akahamisha njia yake upana wa vidole vitatu. Kisha wakaondoa kile chuma, wakalegeza vali ya pampu, wakainua injini kwa mikono, watu watatu, mpaka juu kabisa, wakaishusha mpaka chini kabisa, na kila mara alitazama kamba, hakutazama injini. Waya wa boti hufa mahali unapokunjwa mara nyingi, na injini ya nje haikai tuli hata dakika moja: inageuka, inainama, inatetemeka. Alipata mahali ambapo pindo moja pana, lenye kulegea, liliweza kupokea mienendo yote bila kukaza wala kukwaruza. Akaikata kamba, akaongeza shubiri moja, akailaza mchangani na kukata nyaya tatu kwa urefu huo.

Nyaya zilikuwa za shaba iliyopakwa bati. Alichuna ncha ya mmoja akanionyesha: nyuzi nyembamba nyingi, nyeupe kama za fedha. Zile za kawaida za gari, nyekundu za shaba tupu, zinafanya kazi leo, lakini unyevu wa ziwa huzigeuza kijani. Alikuwa amezunguka Busia, pande zote mbili za mpaka, kuzitafuta katika rangi tatu zilizo sawa na za kiwanda. Nilimuuliza kama rangi ina maana gani ikiwa umeme wenyewe haujui rangi. Akasema fundi atakayefuata anajua.

Sasa vichwa. Hapa alitumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote, na ndipo nilipoelewa kwa nini watu humfuata Petta. Alichuna kila ncha kwa urefu ule ule, sawa na shingo ya kichwa, bila kukata hata uzi mmoja. Akisikia uzi umekatika, alikata ncha yote akaanza upya. Akasokota nyuzi upande zinakoelekea zenyewe. Akavisha kwanza kipande cha mpira wa kusinyaa, akakisukuma mbali ili kisipate moto kabla ya wakati. Akaingiza kichwa, akakitia kwenye meno ya koleo la kubania, akabana mara moja, kwa nguvu moja, hadi koleo likaachia lenyewe. Kisha akavuta. Alivuta kila kimoja kwa nguvu inayotosha kumfanya ajikaze miguu. Viwili vilichomoka. Akavitupa ndani ya kopo, hakuvinyoosha kuvitumia tena.

Kijana alimuuliza kwa nini hakulehemu, maana lehemu inashika zaidi.

"Inashika, mwanangu. Lakini pale lehemu inapoishia waya unakuwa mgumu ghafla, na mtetemo wa mashine utaukatia hapo hapo. Ukibanwa vizuri, unainama wote."

Baada ya kubana alirudisha mpira wa kusinyaa juu ya kiungo, akapitisha mwali wa kiberiti cha gesi chini yake, mbali kidogo, akiuzungusha waya kwa vidole ili joto lifike pande zote. Mpira ukasinyaa, ukashika, na gundi iliyo ndani yake ikachungulia kidogo kwenye ncha zote mbili. Gundi hiyo kuchungulia ndiko alikokuwa akingoja. Pasipokuwa na gundi, maji yana mlango. Kwenye mguu mwekundu aliongeza kishikio cha fyuzi chenye kifuniko cha mpira, akaweka fyuzi ya ampia 5. Amri za rilei hazifiki hata karibu na kiasi hicho, na waya ukijeruhiwa siku moja na kugusa chuma, fyuzi itakatika kabla ya waya kupata joto.

Swichi yenyewe ilikuwa ya aina inayorudi katikati kidole kikiachia. Hilo halina mjadala: swichi inayobaki ilipobonyezwa itaendelea kuisukuma injini baada ya mtu kugeuka, mpaka pampu ilie au fyuzi ikatike. Nyuma ina miguu mitatu ya chuma. Wa katikati ni wa mwekundu. Watu wengi hudhani mguu wa juu ni wa kupanda. Fundi aliweka mita kwenye mlio, akagusa wa katikati na wa chini, akasukuma kijiti cha swichi juu. Mita ikalia. Ndani ya swichi ya namna hii kijiti kinapokwenda juu, ulimi wake unakwenda chini, kwa hiyo waya wa samawati unafungwa mguu wa chini. Aligundua hivyo mezani, kabla ya tundu kutobolewa, na akaweka alama ya kalamu ubavuni.

Kutoboa boti ya mtu ni jambo zito, na alilifanya kwa uzito wake. Mahali palikuwa ndani ya ubavu wa kulia, chini ya mdomo wa ukingo, juu ya kiwango ambacho maji hurukia. Aliingiza mkono nyuma kwanza kuhakikisha hakuna bomba la petroli. Akabandika tepu ya karatasi, akachora msalaba, akatoboa tundu dogo la kuongoza. Kisha akaweka keekee kubwa na kuizungusha kinyume kwanza, polepole, mpaka ikachonga duara katika ngozi ya juu ya faibaglasi bila kuipasua. Ndipo akaigeuza na kupenya. Vumbi alilipokea kwenye kitambaa chenye maji. Kingo za tundu alizipaka gundi ya kuzuia maji, kwa sababu ndani ya ubavu ule kuna mbao, na mbao ikinywa maji inaoza kimya kimya. Akaingiza swichi, akaivisha kofia yake ya mpira, akakaza nati kwa vidole, halafu robo mzunguko kwa spana.

Nyaya tatu alizipitisha ndani ya bomba jembamba la mpira, akalifunga kwa vifungo kila baada ya shubiri, mbali na bomba la petroli na mbali na usukani. Chini ya swichi aliacha nyaya zishuke kidogo kabla ya kupanda, ili tone litakalotembea juu yake lidondoke hapo chini lisiingie kwenye miguu ya chuma. Ndani ya injini akachomoa vichwa vya asili, kimoja kimoja, akapaka grisi kidogo, akaingiza matawi. Kila kichwa kilitoa mlio mdogo kilipokaa. Alivivuta vyote sita.

Vali ya pampu ikakazwa na betri ikarudishwa, chanya kwanza. Kijana akaitwa abonyeze, kwa kuwa swichi ni yake. Akasukuma juu. Rilei ikagonga, pampu ikalia kwa sauti ile ile ya zamani, na injini ikapanda. Akaachia, ikasimama papo hapo. Chini, ikashuka. Nahodha akajaribu ya kwake, nayo ikafanya kazi kama ilivyokuwa jana. Halafu fundi akawaambia wabonyeze pamoja, mmoja juu, mwingine chini. Mama alishtuka akasema, "Fundi, utaniunguzia!" Lakini fundi alikuwa ameshazipima rilei zile na kujua zilivyofungwa: zikiamrishwa zote mbili kwa wakati mmoja, ncha zote mbili za mota zinapata umeme chanya sawasawa, na pasipo tofauti hakuna kinachopita. Wakabonyeza. Zikasikika rilei mbili zikigonga, na injini ikabaki ilipo. Aliwafanya warudie, ili waielewe na siku ikitokea wasiogope.

Wakati wote huo macho yake yalikuwa kwenye lile pindo pana la waya. Injini ikapelekwa kushoto na kulia, juu na chini, na pindo likafunguka na kujikunja bila kukaza.

Tulitoka tena majini, boti ikiwa na magunia ya mchanga mahali pa abiria. Mbali na ufuko nahodha aliishusha injini yote ndani na omo ikainama, boti ikilima maji. Akainyanyua kidogo kidogo kwa kidole gumba, omo ikapanda, boti ikawa nyepesi. Wakati wa kurudi kulikuwa na kipande cha magugu kimesimama mbele ya ufuko. Kijana hakupiga kelele. Nahodha alipunguza mwendo na kutoa gia, kijana akasukuma kijiti juu, akaangalia kijito cha maji kinachotoka ubavuni mwa injini kuonyesha kwamba bado inapoa, akaachia kabla kijito hakijakatika. Magugu yakapita chini. Nahodha aligeuka kumtazama mara moja tu, akarudi kutazama mbele.

Ufukweni fundi alimwomba mama daftari. Akachora rilei mbili, swichi mbili, matawi matatu na fyuzi, akaandika jina la kila rangi, akaikunja karatasi ndani ya mfuko wa nailoni na kuibandika upande wa ndani wa kifuniko cha injini. Kisha akamwita kijana, akamwambia ayatoe matawi yote na kuunganisha vichwa vya asili, kana kwamba swichi mpya imekufa wakiwa Lolwe. Kijana aliyatoa. Nahodha akajaribu, injini ikapanda. Fundi akamwambia ayarudishe. Alikosea kati ya samawati na kijani, akaona kwenye karatasi, akajisahihisha mwenyewe bila mtu kumwambia. Fundi hakusogea kumsaidia.

Mama aliuliza afanye nini fyuzi ikikatika. Fundi akachukua fyuzi mbili, zote za ampia 5, akazifunga kwa tepu karibu na kishikio. "Ikikatika moja, mama, weka ya pili. Ikikatika na hiyo, usitafute kubwa zaidi. Toa matawi, endeleeni na kazi, halafu nipigie."

Akaanza kuokota vipande vya waya mchangani, hata vile vidogo, kwa sababu watoto wa hapa hutembea bila viatu.